Ubaridi Unaoficha Moto



Ndugu zangu katika imani, sifa zote njema ni za Allah aliyeuumba mwili na kuuwekea walinzi. Kikohozi ni mmoja wao. Sigara yangu ya kwanza niliivuta Busia. Nikakohoa hadi machozi, nikaitupa. Ya pili ilikuwa ya mnanaa. Sikukohoa. Hiyo ilinishika miaka miwili.

Likizo moja nyumbani Petta, tulipomaliza Isha, mzee niliyesimama naye safuni alinishika mkono akasema: "Mwanangu, mashaallah, kinywa chako chanukia vizuri. Wewe unautunza mswaki." Nilinyamaza. Mtume (s.a.w.) alimzuia aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti, kwa kuwa malaika huudhika kwa yanayowaudhi wanadamu. Mimi nilikuwa nimezihadaa pua za wanadamu. Malaika je?

Hila hii ni ya zamani. Mwaka 1925 Mmarekani Lloyd Hughes alipata hataza ya kutia mentholi, ule ubaridi wa mnanaa, ndani ya sigara. Mwaka 1933 ikatoka Kool, ikitangazwa kwa picha ya pengwini, ndege wa barafu. Miaka ya 1950, madaktari walipoanza kuihusisha sigara na saratani ya mapafu, ikaja Salem, mwaka 1956, jina lenye asili moja na salaam yetu. Baadaye matangazo ya mentholi yakawaandama Wamarekani weusi katika magazeti yao na matamasha ya jazz. Kwetu Afrika Mashariki tunaijua Sweet Menthol, ile SM. Utamu umewekwa kwenye jina lenyewe.

Mentholi haiondoi sumu. Inapoza koo lisihisi ukali wa moshi, na nikotini inaingia vilevile. Mlinzi amelazwa usingizi, mwizi anapita mlangoni.

Tukumbuke kisa cha baba yetu Adam katika Surat Taha. Iblis hakumwambia, "Njoo ule ulichokatazwa." Aliuita ule mti kuwa ni mti wa kuishi milele. Uovu ukija na sura yake halisi, wengi wetu tungeukimbia.

Sisi wa Busia na Tororo tunaijua mipaka. Uganda, kwa sheria ya tumbaku ya mwaka 2015, imepiga marufuku tumbaku yenye ladha, na haiuzwi sigara kwa aliye chini ya miaka 21. Kenya umri ni miaka 18. Kijana wa miaka 19 anavuka hatua chache tu, na kosa la huku si kosa la kule. Lakini mipaka ya Allah haina ng'ambo. Katika Surat al-Baqara ametukataza kujiangamiza kwa mikono yetu, na mapafu ni amana yake pande zote mbili.

Ndugu yangu unayevuta kwa siri, sikuhukumu, nimetoka huko. Ramadhani unakaa tangu alfajiri hadi magharibi bila hata moja. Basi uwezo unao. Kinachobaki ni nia. Mwambie rafiki mmoja unayemwamini, akusindikize. Mimi nilianza kwa kumrudia yule mzee na kumwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akaniombea dua.

Allah atupe vinywa safi na nyoyo safi zaidi. Amin. Wabillahi tawfiq.