Kunyimwa na Kujinyima

Je, ni haki kumwambia mtu aliyekosa kitoweo asiwinde katika msitu wa babu zake? Swali hili yatupasa kulipima sana.

Huko Papua New Guinea, kaskazini ya Australia, karibu ardhi yote ni mali ya koo kwa desturi. Mwaka 2009 misitu ya mabonde ya mito Yopno, Uruwa na Som ilifanywa hifadhi kwa sheria ya nchi. Koo zenyewe ndizo zilizotenga sehemu za misitu yao, pasiwindwe mnyama wala pasikatwe mti, ili kanguru akaaye mitini asitoweke. Ardhi hawakuitoa, ingali yao.

Basi hapo twaona tofauti. Aliyenyimwa na mwingine huona uchungu, na usiku huingia msituni kwa siri. Aliyejinyima hulinda mpaka, maana neno ni lake mwenyewe. Lakini kujinyima nako kuna gharama: nyama hupungua chunguni leo, na faida ni ya wajukuu. Kwa hiyo sisi tulio mbali, tukiusifu msitu ule, tusisahau ni chungu cha nani kilichopungukiwa.