"Frateri, Mimi Ni Mwanafunzi Tu"



Jumapili moja baada ya Misa huku Mbagala, binti mmoja wa TYCS alinivuta pembeni. Shule yao imewapeleka wanafunzi wa biashara kwenye mafunzo kwa vitendo, na yeye kapangiwa duka la vifaa vya ujenzi. Kazi anaipenda: anahesabu mzigo stoo, anaandika daftari la mauzo. Shida ni moja tu. Mteja akilipa laki moja na themanini, bosi anamwambia atoe risiti ya elfu themanini. Na bosi huyohuyo ndiye atakayemsainia kitabu cha mafunzo.

"Frateri, mimi ni mwanafunzi tu. Si dhambi ya bosi hiyo?"

Sikumjibu haraka, maana swali hilo ni langu pia. Nilipomaliza kidato cha nne, nikisubiri matokeo, nilisaidia kwenye duka moja Temeke. Bosi wangu alikuwa mtu mwema. Alinipa nauli na chakula cha mchana, akanifundisha kuongea na mteja na kutokula mtaji. Alinifundisha pia risiti pungufu. Siku ya kwanza mkono ulinitetemeka. Wiki ya tatu nilikuwa naandika mwenyewe, hata kabla hajaniambia.

Tuanze na swali la dhambi. Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba hofu na kulazimishwa vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, hata kuuondoa. Kwa hiyo mzigo mkubwa ni wa bosi, na sitamtwisha binti yule. Lakini kuna swali jingine ambalo huruma haitoshi kulijibu: wewe unakuwa nani?

Aristotle aliona kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki mara kwa mara, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Na udanganyifu unaingia kwa mlango huohuo. Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, si kwa kile kinachozalishwa. Dukani, basi, saruji na nondo zinauzwa, lakini kuna kitu kingine kinachotengenezwa pale kaunta: ni wewe.

Ndiyo maana "mimi ni mwanafunzi tu" si kinga. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Mwanafunzi ndiye mbichi mwenyewe. Kitabu cha mafunzo kitauliza umejifunza nini. Dhamiri itauliza umezoea nini.

Sasa afanye nini? Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji, aliwaona vijana wakitoka shule na kuingia viwandani, na imani yao ikipotea humo. Hakuwaambia waache kazi. Alianzisha chama cha vijana wafanyakazi, ambacho kwetu tunakijua kama VIWAWA, akawapa njia: Ona, Amua, Tenda.

Nilimwambia binti yule hivi. Ongea na bosi faraghani, kwa heshima, wala usimhubirie mbele ya wateja. Mwombe: "Shikamoo, bosi. Naomba kazi ya risiti afanye mtu mwingine, mimi nibaki stoo na daftari." Akikataa, mweleze mwalimu anayewasimamia, tena mapema, kabla ya siku ya kusainiwa. Wazazi nao wajue. Mzigo huu si wa kubebwa na mtoto wa shule peke yake.

Je, anaweza kukosa saini? Ndiyo, anaweza. Siwezi kumwahidi kwamba uaminifu hauna gharama.

Na kwako mwajiri unayesoma hapa: asante kwa kuwapokea watoto wetu, maana wengi wanafungiwa milango. Ila jua kwamba umekuwa mwalimu. Yesu mwenyewe alijifunza kazi kwenye karakana ya Yosefu. Kijana aliyeko dukani kwako leo anakuangalia mikono.

Jumatatu ile binti alirudi dukani. Tumwombee, pamoja na wote walioko kwenye mafunzo.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.