Baada ya Arobaini

Akifa mtu aliyeijali familia na mtaa wake, marafiki hukimbilia sifa. Naona tunaanzia pasipofaa. Katika mazishi mengi ya Waislamu wa pwani, msemaji wa familia hutangaza kwamba anayemdai marehemu awaone warithi. Deni kwanza, sifa baadaye, na mpangilio huo una hekima: marehemu wa namna hii anaacha kazi zilizokatikia njiani, si jina tu. Kuna ada ya mtoto, mama mzee wa kupelekwa kliniki, daftari la chama cha kufa na kuzikana alilolitunza yeye. Vyama hivyo, tuviheshimu, hutoa sanda, chakula na usafiri. Lakini arobaini ikipita, turubai limekunjwa zamani na simu zimenyamaza.

Mtu atasema sifa hufariji, na kila mmoja ana mzigo wake. Zinafariji, sikatai. Ila hakuna anayeombwa abebe yote. Marafiki wanne wakigawana, mmoja ada, mwingine kliniki, mzigo unabebeka. Kama mwaka huu umemzika rafiki, wapigie simu watu wake leo, kabla ya saa sita mchana.