Wito wa Nani?

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, bosi alitukusanya mlangoni akatuhubiria. "Kazi ni wito," alisema. "Anayekuja hapa kwa ajili ya mshahara tu, kapotea njia." Sisi tuliitikia, "Ndiyo, mzee," huku tukijua huo mshahara wenyewe hatujauona miezi miwili.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha uchapaji. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi yangu ilikuwa kukunja karatasi na kupiga pini vitabu vyembamba. Ndugu msomaji, mimi napenda kusoma. Hata karatasi iliyofungiwa maandazi siiachi. Basi siku moja nikaona jina la mwandishi limekosewa kwenye jalada. Nikakimbilia ofisini. Bosi hakulitazama hata hilo jalada. "Wewe bwana mdogo umeajiriwa kukunja au kusoma? Rudi mezani." Wenzangu walicheka, nami nikacheka, lakini iliniingia.

Baadaye ikaja kazi ya kitabu cha hesabu cha darasa la tatu. Nikiwa nakunja nikaona: saba mara nane ni hamsini na nne. Nilijua ni hamsini na sita. Nilikumbuka pia kwamba nimeajiriwa kukunja. Nikakunja. Nilikunja nakala moja baada ya nyingine mpaka jioni na, sifichi, nilisikia utamu.

Sasa, nani mkosaji?

Kijiweni walinitetea. "Hakuthamini, na wewe usimthamini. Ngoma droo!" Hoja hiyo si ya kitoto. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliuelewa haraka: waligoma kudai heshima, si mshahara peke yake. Bosi anayetaka moyo wako na hataki akili yako, anatafuta mtumwa mwenye furaha. Uwezo wa mtu hauoti kwa hotuba za Jumatatu. Huota pale mtu anapoulizwa anaweza nini, akapewa nafasi ya kujaribu, akikosea akaelekezwa, na mwisho wa mwezi akalipwa. Kama bosi angenipa nusu saa tu ya kusoma prufu, angepata msahihishaji, nami ningekuja kazini nakimbia.

Hadi hapo niko pamoja na kijiwe. Lakini kuna jambo linanikosesha usingizi.

Shaaban Robert aliingia ukarani katika serikali ya kikoloni mwaka 1926. Kusadikika kilipotoka mwaka 1951, bado alikuwa karani. Wahenga walisema, mtumikie kafiri upate mradi wako. Wako, siyo wake! Mimi nilidhani wito ni mali ya bosi, kwa hiyo nikiutupa nimemkomoa yeye. Kumbe bosi alishalipwa na mwenye kitabu, akalala zake. Kisasi changu kilimpita juu kwa juu, kikamwangukia mtoto wa darasa la tatu atakayesimama ubaoni kwa kujiamini, aandike hamsini na nne, darasa zima limcheke. Mtoto yule hakunidharau. Hata hajui kama nipo.

Ndiyo maana leo nasema wito wa kazi hauko kwa anayekulipa. Uko kwa yule wa mwisho, anayekipokea ulichokifanya. Bosi mzuri anaumwagilia maji, bosi mbaya anaukanyaga, ila hakuna kati yao mwenye hatimiliki nao. Ningerudi ofisini mara ya pili, akanifukuza tena, angalau dhambi ingebaki ofisini kwake. Nilinyamaza, tukagawana.

Kiwanda kile nilishaacha. Bosi namdai mishahara miwili, na nikikutana naye nitamwambia bila woga. Lakini nami nadaiwa, na anayenidai simjui hata jina. Wewe msomaji unayekunja karatasi za mtu mahali fulani, wako unamjua?