Haki ya Anayesubiri Karatasi

Kompyuta kuukuu yenye prosesa ya kiini kimoja haifanyi kazi mbili kwa pamoja, hata pale inapoonekana kufanya hivyo. Humega muda vipande vidogo mno, kimoja ikampa anayechapa kwenye kibodi, kingine ikaipa kazi iliyokwisha kutumwa kwenye printa, na jicho haliwahi kuiona ikihama. Ndiko kuprinti chinichini: ukurasa unatoka huku mwenye kibodi akiendelea na barua nyingine. Sasa tuiweke kompyuta hiyo katika kibanda cha kuchapa pale Katwe, mtaa wa Kampala uliojijengea jina kwa mafundi wa vyuma. Fundi amekuja kuandikiwa bei ya mashine ya kusaga mahindi. Kando yake yupo mfiwa, anangoja nakala za ratiba ya mazishi ya alasiri hiyo. Mmoja akihudumiwa upesi, mwenzake anachelewa, na anayeuliza nani achelewe ameuliza swali la haki. Nashikilia kwamba swali hilo ni la binadamu, na kuiachia mashine ilijibu kimyakimya ni kumdhulumu yule ambaye kusubiri kwake hakuonekani kwenye skrini.

Waundaji wa programu walilitambua hili mapema. Amri ya PRINT ya MS-DOS, mfumo ulioenea katika kompyuta za miaka ya 1980, ilifikia kumruhusu mtumiaji kupanga mwenyewe ni mapigo mangapi ya saa ya mashine, ambayo ni kama 18 kwa sekunde, yaende kwa printa. Windows 3.1 ya mwaka 1992 iliweka ngazi tatu za kipaumbele: ya chini, ya kati na ya juu. Microsoft Word nayo ikawa na kisanduku cha kutia alama kwa ajili ya kuprinti chinichini: ukiiondoa alama, karatasi hutoka haraka zaidi, lakini hutaendelea na uandishi mpaka kazi iishe. Kwangu huu ni ushahidi mzito. Kama kungekuwa na mgawo mmoja ulio sahihi kwa wote, wahandisi wangeufungia ndani ya mashine. Waliacha mlango wazi kwa sababu hesabu haiwezi kujua kwamba karatasi hii ni ya mazishi ya leo na ile yaweza kungoja hadi kesho.

Lipo pingamizi lenye nguvu. Printa ni ya polepole kwa asili yake, na prosesa hukaa bure ikiingoja; kuipa kibodi muda huo hakumnyang'anyi mtu chochote. Kwa printa za zamani zilizopokea herufi tupu na kuzigonga kwa pini, hoja hiyo inasimama. Lakini printa nyingi za bei nafuu zilizokuja baadaye, HP LaserJet 1020 ikiwamo, huiachia kompyuta kazi ya kuuchora ukurasa mzima. Picha ya marehemu kwenye ratiba inakokotolewa na prosesa ileile inayongojwa na kibodi. Memori ikijaa, mashine huanza kuhamishia data kwenye diski, ambako tayari inaandika faili la foleni ya printa, na diski hukimbizana na kazi zote mbili. Herufi zinachelewa kutokea, karatasi nayo inachelewa kutoka. Mshika mbili moja humponyoka, tumezoea kusema. Hapa hakuna linaloponyoka, yote mawili yanaburuzwa, na sehemu ya muda inaliwa na kuhamahama kwenyewe.

Mwenye imani anaweza kuvukia upande wa pili kabisa, akasema basi kugawa huduma ni kosa. Suratul-Ahzab, katika aya ya 4, inakanusha kuwa mtu ana mioyo miwili kifuani, na Injili ya Mathayo inakataa kutumikia mabwana wawili. Siafiki kuyaleta mafundisho hayo hapa. Yanahusu utii wa moyo, si zamu za kazi. Muuguzi wa wodi hugawa, mama wa watoto wengi hugawa, na hatuwaiti wadhalimu. Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake, alifundisha kwamba haki ya kugawa hufuata uwiano, si mafungu sawa. Yeye alipima kwa stahili. Mimi, mbele ya foleni, napima kwa uhitaji. Mashine mpya yenye viini vingi itausogeza mpaka tu, maana uhitaji wa watu hauishii kwenye prosesa.

Kwa hiyo mwenye kibanda aiondoe ile alama ya kuprinti chinichini na amwambie fundi waziwazi: ssebo (bwana), nisubiri kidogo, namalizia wa msiba. Fundi anaweza kukubali, anaweza pia kwenda kibanda cha jirani. Hasara hiyo ni ya kweli kwa mtu anayeishi kwa shilingi za ukurasa mmoja mmoja, na siidharau. Ila fundi ameambiwa ukweli kuhusu muda wake, na uamuzi wa kubaki au kuondoka ni wake. Herufi zinazosuasua kwenye skrini bila maelezo hazimpi nafasi hiyo.