Sala ya Maneno ya Kuazima

Shida humnyang'anya mtu mali, usingizi na marafiki. Lakini hasara aitambuayo mwisho ni hasara ya maneno. Aliyezoea kusali wakati wa neema, akipiga magoti siku ya msiba, aghalabu hukuta kinywa chake kitupu. Tangu zamani wengi waliofikwa na hali hiyo wameikimbilia Zaburi, wakasali kwa maneno ya mtu mwingine. Hapo huzuka swali: je, sala ya maneno ya kuazima yaweza kuwa sala ya kweli?

Wilaya ya Kilosa ni mahali pafaapo kulipima swali hili. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika. Nyumba zilibomoka, watu zaidi ya 20,000 walipatwa na madhara, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Zaburi ya 69 huanza na mtu anayezama: chini yake mna matope yasiyo na mahali pa kukanyaga, na koo lake limekauka kwa kulia. Mtungaji aliyafanya maji kuwa mfano wa mateso. Mkazi wa bonde la Mkondoa ausomapo mfano huo, hukuta umegeuka kuwa habari.

Mpinzani atasema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Methali hiyo ni ya kweli, lakini maneno si nguo. Hapana mtu aliyejitungia lugha yake. Aendaye matangani humwambia mfiwa pole. Neno hilo limekwisha kusemwa na vinywa visivyo na hesabu, wala huzuni ya asemaye haiwi ya uongo kwa sababu hiyo. Uongo hauingii kwa kutumia neno la mwingine. Huingia kwa kusema lisilokuwamo moyoni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kusali ni kuchagua. Katika wilaya hiyo hiyo iko Mikumi, yenye hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko, wakati wa kiangazi, wanyama hukusanyika palipobaki maji. Zaburi ya 42 humtaja ayala mwenye kiu ya maji ya mto, na kwa kiu hiyo huisema nafsi imtafutayo Mungu wake. Mmoja hulia kwa maji kuzidi, mwingine kwa maji kukosekana. Kila mmoja ana mlango wake. Asomaye zaburi bila kujichungua kwanza huazima sauti, haazimi sala.

Hata hivyo, iliyo ngumu zaidi ni kazi ya pili. Zaburi ya 69 haikomi kwenye maji. Katikati yake mna laana: msemaji anaomba adui zake wapofuke macho na makao yao yawe ukiwa. Mtu afanyeje na maneno hayo Kilosa, ambako mwezi wa Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliangamiza roho za watu 38? Kiongozi wa sala aweza kuwa kiongozi wa kisasi.

Wako waonao heri kuziruka aya hizo. Rai yao ina huruma, lakini ina hatari. Hasira isiyosemwa mbele ya Mungu haifi, hungoja usiku. Heri kuitazama safu ya maneno yenyewe. Kabla ya kumlaani mtu yeyote, msemaji amekwisha kukiri kuwa upumbavu wake unajulikana na Mungu, na makosa yake hayakufichika. Aliyeanza kwa ungamo hilo hawezi kulaani kama asiye na doa. Tena laana yake ni ombi, si amri. Anayeombwa ndiye mwenye hukumu. Aliyekwisha kumkabidhi hakimu daawa yake hana haki ya kurudi nyumbani kunoa panga. Hapo ndipo zaburi inapomfundisha mtu asichoweza kujifundisha: haimnyimi hasira, humnyima mamlaka ya kuitekeleza.

Mwisho wa zaburi hiyo ni sifa, na tumaini la miji kujengwa tena na watu kukaa ndani yake. Mwisho huo si wa kukariri tu. Aliyesali hivyo bondeni mwa mto hana budi kuinuka, kuacha kulima kingoni, kupanda mti, na kumsalimu jirani ambaye jana alimtaja katika laana. Maneno yalikuwa ya kuazima. Hudhihirika kuwa yake siku anapoyalipa kwa matendo.