Sifuri ya Vijiti

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha namba za Kirumi niligawa njiti za kiberiti, na dawati la nyuma likatoa moshi. Tangu hapo navunja ufagio wa chelewa. Darasa la nne wanapanga vijiti juu ya dawati: kimoja ni I, viwili vikikutana chini ni V, vikipishana ni X, na L inataka viwili vilevile. C tunaikunja kwa uzi. Mchezo wanaoupenda ni kutafuta namba ipi inakula vijiti vingi. Thelathini na nane, XXXVIII, inakula 11. Hamsini, iliyo kubwa kuliko hiyo, inakula viwili tu. Wanaiona ni dhuluma.

Muhula uliopita binti mmoja aliyemaliza kabla ya wenzake akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na sifuri tunaipangaje?"

Nikamwambia Warumi hawakuwa nayo.

"Sasa mtu akila maembe yake yote, anaandika nini?"

Swali hilo liliwahi kumfika mtawa Dionysius Exiguus, aliyeishi Roma. Mwaka 525, akitengeneza majedwali ya tarehe za Pasaka, hesabu ilipomfikisha patupu aliandika neno zima la Kilatini, nulla, yaani hakuna. Tarakimu ya kuliwakilisha hakuwa nayo. Miaka aliyoihesabu tangu Kristo ilianzia wa 1, na hadi leo mwaka 1 kabla ya Kristo unafuatwa papo hapo na mwaka 1 baada yake.

Tusiwacheke. Sisi nasi tunasema sina, hakuna, hamna. Tunakanusha tu, mambo yakaisha. Sifuri tuliipata kwa Waarabu, na hata "ziro" ya mitaani ni sifr hiyohiyo iliyozungukia Italia. Nikajaribu kulieleza darasa kwamba asili ya neno ni utupu. Nilikosea. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akachungulia dirishani.

Mimi nilikuwa namfikiria mdogo wangu. Matokeo ya kidato cha nne hupangwa kwa madaraja: I, II, III, IV, halafu 0. Nne za Kirumi, na ya mwisho ya kuazima kwa kuwa Roma haina. Yake ilikuwa hiyo ya kuazima. Baba akasema mtoto huyu si kitu, akalirudia neno hilo wiki nzima, sahani ya chakula ikiwa mezani. Nilibisha bila hoja. Hoja niliiona siku niliporudi kuitazama ile karatasi ubaoni: mstari uliofuata ulikuwa wa mwenzake ambaye hakufika kwenye mtihani, na huyo aliandikiwa ABS. Asiyekuwepo hapewi 0. Ili uipate, lazima uwe umekaa, umeandika, umesahihishwa. Baba nilimwambia. Alisema walimu tuna maneno mengi.

Basi yule binti nikamwambia aipange mwenyewe. Akachukua chaki, akachora duara juu ya dawati, akaondoa vijiti vyote vilivyokuwa ndani.

"Hii hapa."

Nikagusa ubao wa dawati nje ya duara. "Na huku je? Nako hakuna kijiti."

Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Huko bado hatujahesabu, Mwalimu."